Mizunguko Arobaini na Nne

Mtaani kwake hakuna aliyehangaika kulitafuta jina lake. Walimwita Mama Shaba, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na rangi ya waya wa shaba hata akivisugua vipi, na kwa sababu tangu asubuhi mpaka jua linapopoa hakuwa na jingine mkononi ila waya huo. Kazi yake ni kusuka mota. Mota ikiungua, iwe ya kinu, ya pampu au ya mashine ya kuranda mbao, inaletwa kwake imejaa masizi. Anaifungua, anang'oa waya uliokufa, anahesabu ulizungushwa mara ngapi, kisha anausuka mpya mahali pake. Wanawake wageni wakisikia kuwa anasuka, wanamletea vichwa.

"Mimi nasuka vyuma, mwenzangu," huwaambia. "Kichwa kikikosewa kinauma siku mbili. Changu kikikosewa kinatoa moshi."

Kibanda kilikuwa na meza nzito ya mbao, kopo la vanishi, na ukuta mzima wa misumari. Kwenye kila msumari ulining'inia uzi wenye mafundo. Herufi hazikuwahi kumkaa kichwani. Umri wa kwenda shule ulimkuta ana mdogo wake mgongoni, na baada ya huyo akaja mwingine. Tarakimu za kwenye mita alizijua kwa sura, kama mtu anavyozijua nyuso za majirani, lakini kuziandika mkono uligoma. Basi kila mota aliyoisuka aliiwekea uzi: fundo kubwa ni kumi, fundo dogo ni moja, na kwenye ncha kipande cha waya wa unene uleule alioutumia. Ukimletea mota ya aina aliyoishika miaka kumi nyuma, anatazama ukutani, anavuta uzi, anaanza kazi. Fundi redio wa kibanda cha jirani alikuwa akisema kwamba ukuta ule ukishika moto, nusu ya mashine za mji zitakuwa yatima.

Jumatatu moja, saa ya chakula, bintiye aliingia akaketi kwenye kiti cha wateja bila kuomba hata maji. Alikuwa mwanafunzi wa umeme chuo cha ufundi, mwaka wa kwanza. Nguo zake za karakana zilinuka vanishi iliyoungua.

"Nani kaunguza?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Wawili, Mama. Ijumaa mmoja, leo mmoja. Zote mota za mtihani."

Mambo yalikuwa hivi. Chuo kilipewa mota kumi na mbili za pampu, zote za aina moja, zote zimeshang'olewa waya na kubaki chuma kitupu. Kila mwanafunzi alipewa yake aisuke. Siku ya mtihani mota inafungwa mezani, inawashwa bila mzigo, inazunguka saa nzima. Isipochemka umepita. Ikiungua umeanguka.

"Baba anasema waliukwaruza waya wakati wa kuuingiza," binti akaendelea. "Amewaangusha wote wawili. Yule wa leo amelia mpaka akatapika. Lakini mimi nilimwona akisuka, Mama, hakukwaruza kitu."

"Mlizungusha mara ngapi?"

"Kama kitabu kinavyosema. Jedwali la nne, mstari wa tisa. Arobaini na nne."

Mama Shaba alikuwa ameshika koleo. Akaliweka chini, akaliokota, akaliweka tena.

"Suka kwa hamsini na nne."

"Haiwezekani. Baba alihesabu waya mmoja mmoja kabla hatujapaka vanishi. Anayezidisha au kupunguza jedwali anakatwa. Na yangu imeshakauka, Mama. Zamu yangu Alhamisi."

Kilichokuwa kinafuata wote wawili walikijua. Binti alikuwa ameshaurudia mwaka huo mara moja, alipolazwa hospitali miezi miwili. Chuo hakimrudishi mtu mara mbili. Alhamisi mota ikitoa moshi, anakusanya nguo zake na kurudi nyumbani bila cheti, basi.

"Kwani ulijuaje hamsini na nne?" binti akauliza.

"Kula," mama akamwambia. "Kuna chakula kwenye sufuria."

Huyo Baba aliyekuwa akihesabu waya ndiye aliyekuwa mume wa Mama Shaba. Sasa kila mtu alimwita Mwalimu, na yeye aliitika kama aliyezaliwa na jina hilo. Zamani alikuwa fundi wa kibanda hikihiki. Mke alianza kwa kumshikia ncha ya waya. Haikupita miaka mitatu, mke ndiye anayesuka na mume ndiye anayepeana mikono na wateja. Mteja akisifu kazi, mume alicheka na kusema, "Tunajitahidi." Hilo "tunajitahidi" ndilo pekee mke aliloambulia katika sifa za miaka kumi na sita.

Mwalimu alipopata kazi chuoni akaambiwa aandike kitabu cha misingi ya umeme kwa wanafunzi. Sura za mwanzo alizitoa huku na huko. Jedwali la kusukia mota hakuwa nalo. Basi Jumapili tatu mfululizo, alasiri, aliketi na daftari chini ya ukuta wa misumari, mkewe akimsomea nyuzi: hii ya kinu, hii ya feni kubwa, hii ya msumeno. Mke aliona fahari. Alidhani wanajenga kitu cha nyumba yao.

Kabla ya Jumapili ya tatu, muuza mkaa alimtonya kwamba Mwalimu ameshapanga nyumba upande wa pili wa mji, na nyumba hiyo ina mtu ndani, na mtu huyo ana mimba. Mama Shaba hakupiga kelele. Alikwenda ukutani. Kulikuwa na uzi mmoja wa mota ya pampu uliofungwa kitambaa chekundu. Kitambaa chekundu kilikuwa na maana moja tu: *mota hii si ya kawaida, usiifuate*. Aliisuka kwa ajili ya pampu ya shamba moja lililokuwa mwisho kabisa wa njia ya umeme. Aliwahi kwenda huko mwenyewe, akaona balbu inawaka nyekundu kama ncha ya sigara, mita ikasoma volti mia tatu na ishirini mahali panapotakiwa mia nne. Umeme ulifika pale umechoka. Kwa hiyo akaisuka mota ile kwa mizunguko arobaini na nne badala ya hamsini na nne, waya mnene kidogo, ili na umeme wake dhaifu iweze kusukuma maji.

Akakivua kile kitambaa. Akakiweka mfukoni, uzi akaurudisha msumarini kama zilivyo nyuzi nyingine. Jumapili Mwalimu akanakili: arobaini na nne.

Alitaka aaibike. Alitaka siku moja, mbele za watu, mota ya Mwalimu itoe moshi na watu wamuulize. Mwalimu akahama wiki ile ile, kitabu kikachapwa, miaka minane ikapita, na hakuna aliyewahi kugusa mota ya aina ile. Mpaka sasa.

Jumanne hakufanya kazi ya maana. Alisuka koili moja ya feni akaifumua, akaisuka tena akaisahau idadi katikati, kitu ambacho hakijamtokea tangu ujana. Aliinuka kufunga mlango ambao haukuwa wazi. Akatoka, akarudi.

"Mama Shaba, leo umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia," fundi redio akamrushia kupitia tundu la ukuta wa mbao. "Kaa chini, yai litakuja lenyewe."

"Wewe tengeneza redio zako zinazoongea peke yake kama mwenyewe."

"Ha! Huyo ndiye jirani yangu. Nilidhani umekufa umesimama."

Adhuhuri alifunga kibanda akaenda mpaka lango la chuo. Mlinzi akatoka kwenye kijumba chake.

"Karibu mama. Unamtaka nani?"

"Simtaki mtu."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimepita."

Akapita kweli. Akazunguka ukuta wa chuo, akatokea upande wa pili, akasikia mlio wa mota karakanani, akasimama kuusikiliza akiwa ameshika kifua. Haukuwa wa mota zile. Akarudi nyumbani kwa miguu, haraka, kama anayefukuzwa, na alipofika hakujua alichokimbilia.

Maana angesema nini? Akisema jedwali ni bovu, watamuuliza anajuaje, yeye asiyesoma. Akisema anajua kwa sababu lilitoka ukutani kwake, itabidi aseme kwa nini lilitoka bovu. Miaka minane alitamani watu wajue kwamba jedwali lile ni lake. Sasa njia ya kuwajulisha ilikuwa moja, nayo ilipita juu ya kosa lake mwenyewe, mbele ya bintiye.

Jumatano binti alikuja na kitabu ili ajisomee, kwa kuwa Alhamisi kulikuwa na maswali ya mdomo pia. Aliketi karibu na meza, akasoma kwa sauti, mama akijifanya anapaka vanishi.

"Volti ni msukumo unaosababisha umeme kupita. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita. Ukinzani ni..." Akafumba kitabu. "Mama, niulize."

"Ukinzani ni nini?"

"Ni hali ya kitu kuzuia mkondo usipite."

"Ni ubishi," mama akasema. "Waya mrefu ni mbishi. Waya mwembamba ni mbishi kuliko huo. Ukitaka umeme mwingi upite, ama uongeze msukumo, ama upunguze ubishi. Kuna lingine?"

"Hakuna. Ndiyo sheria yenyewe, ila hapa imeandikwa kwa herufi."

"Herufi haziungui. Endelea."

Binti alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha akapekua kurasa.

"Kuna kitu sikielewi. Nikipima waya wa mota yangu na mita, ukinzani wake ni mdogo sana. Nikipiga hesabu ya sheria hiyo, mota inatakiwa inywe umeme hata iungue hapohapo. Lakini mota nzima haifanyi hivyo. Kwa nini?"

Mama Shaba akasahau kujifanya. Aliweka brashi, akaokota koili, akaipitisha kidole.

"Kwa sababu mita yako inapima ubishi wa shaba peke yake, na shaba haina ubishi mwingi. Umeme unaotoka nguzoni haupiti njia moja. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Kila ukigeuka, sumaku iliyo kwenye chuma nayo inageuka, na ikigeuka inausukuma umeme urudi ulikotoka. Kila mzunguko wa waya unaongeza msukumo huo wa kurudisha. Mizunguko ndiyo breki. Ukiipunguza, umeme unaingia kwa fujo, sumaku inazidi, chuma kinashiba. Chuma kikishiba sumaku, kinachoongezeka chote ni moto."

Binti alikuwa anaandika. Akaacha. Akainua macho polepole.

"Kwa hiyo mizunguko ikiwa michache, mota inaungua hata bila mzigo. Hata kama hujakwaruza kitu."

"Ndiyo."

"Na volti zikiwa chache?"

"Basi na mizunguko michache inatosha."

"Mama. Ulijuaje hamsini na nne?"

Mama Shaba akaangalia nje. Kulikuwa na mtu anapita na baiskeli, akamtazama mpaka akaishia.

"Usiku mwema ni kulala mapema," akasema. "Kesho una kazi."

"Bado ni saa kumi jioni!"

"Basi nenda ukafue hizo nguo, zinanuka."

Binti akaondoka amekunja uso. Mama alibaki na kazi ya mteja ambayo hakuigusa. Alihamisha kopo la vanishi kutoka mwisho huu wa meza hadi mwisho ule, mara tatu.

Alhamisi asubuhi mlinzi wa lango alimwona tena.

"Leo pia unapita?"

"Leo naingia," Mama Shaba akasema, na hakusubiri jibu.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Wanafunzi walisimama kando ya ukuta. Mkuu wa chuo, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa ameketi na karatasi za alama. Mwalimu alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyekuwa Mama Shaba. Mota ya binti ilikuwa imefungwa mezani kwa bolti, nyaya zake tatu zimeshaunganishwa, na binti alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiwashe!"

Watu wote wakageuka. Mama Shaba akaenda moja kwa moja mpaka mezani akaifunika swichi kwa kiganja.

Mwalimu alikohoa. "Mkuu, huyu ni mzazi wa mwanafunzi. Mzazi, ofisi ya wageni iko kule mbele."

Mzazi! Miaka kumi na sita alikula alichopika, akavaa alichofua, akasifiwa kwa alichosuka, leo anamwita mzazi kama anayesoma orodha.

"Mota hii ina mizunguko michache," Mama Shaba akamwambia mkuu wa chuo. "Mkiiwasha itakwenda njia ya zile mbili."

"Mizunguko imefuata jedwali," Mwalimu akasema. "Nimeihesabu mwenyewe."

"Jedwali ndilo bovu. Mstari wa tisa."

Mkuu akavaa miwani. "Mama, wewe umeujuaje mstari wa tisa?"

Pale ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na ulikuwa bado wazi. Angeweza kusema ameona mota nyingi, angeweza kusema ameota. Bintiye alikuwa anamtazama, mkono bado hewani.

"Kwa sababu ni wangu," akasema. "Jedwali hilo lilinakiliwa kutoka ukutani kwangu, kwenye nyuzi zangu. Uzi wa mstari wa tisa ulikuwa na kitambaa chekundu, maana yake ni wa pampu ya mahali ambapo volti zinafika mia tatu na ishirini tu. Si wa kusukia mota ya hapa. Mimi nilikivua kitambaa kabla haujanakiliwa. Kwa makusudi. Nilitaka aliyekuwa ananakili aaibike."

Mtu mmoja ukutani alivuta pumzi kwa sauti. Binti akashusha mkono.

Mwalimu alicheka kicheko kifupi. "Mkuu, huyu mama hajui kuandika hata jina lake. Jedwali nimelitunga mimi, kwa hesabu."

"Vizuri," Mama Shaba akasema. "Ubao ule pale. Ikokotoe arobaini na nne tuione inakotoka."

"Hatuko darasani."

"Kumbe tuko wapi, sokoni?" akasema mwanafunzi mmoja kwa sauti ya chini, na wengine wakajizuia kucheka.

Mkuu hakucheka. Alimgeukia Mama Shaba. "Kuna njia ya kuhakikisha?"

"Ipo," Mama Shaba akajibu. "Ile transfoma yenu yenye gurudumu la kupandisha na kushusha volti. Ipitisheni mota hapo. Kwanza mia nne, sekunde chache tu, msome mkondo. Kisha shusheni mpaka mia tatu na ishirini, msome tena. Kama nasema uongo, mniite polisi."

Waliunganisha. Kwa mia nne mota ilizunguka kwa mngurumo mzito wa mnyama aliyebanwa. Mita ikasoma ampea nane na ushee, na mota haina hata mzigo. "Zima," mkuu akasema mwenyewe. Wakashusha volti. Wakawasha tena. Mngurumo ukawa mvumo mwembamba. Mita ikashuka, ikashuka, ikasimama kwenye ampea tatu na nusu. Wakaiacha. Baada ya robo saa mkuu wa chuo aliinuka, akaweka kiganja chake juu ya gamba la mota, akakiacha hapo.

"Vuguvugu tu," akasema.

Yule mwanafunzi mwenye maneno akauliza, "Sasa imekuwaje? Volti zimepungua mota imefurahi?"

Mama Shaba alieleza, kwa maneno yaleyale ya jana: mizunguko ndiyo breki, na breki hii ilipimwa kwa mteremko mdogo. Aliona kalamu zinakwenda kwenye madaftari. Hakuwahi kuona watu wakiandika anachosema. Hata hivyo hakufurahi kama alivyowahi kudhani angefurahi, kwa sababu bintiye hakuwa anaandika.

Mkuu aliketi akatoa uamuzi. Wote watasuka upya kwa hamsini na nne. Mtihani utakuwa wiki ijayo. Wale wawili walioangushwa wataitwa warudi, alama zao zimefutwa. Kisha akachukua karatasi ya marekebisho itakayobandikwa kwenye vitabu vyote, akaandika.

"Umeandika nini?" Mama Shaba akauliza.

Mkuu alimpa binti karatasi. Binti akasoma, sauti kavu kama anayesoma bei: "Jedwali la nne, mstari wa tisa. Si arobaini na nne, ni hamsini na nne. Kosa limetokana na msukaji wa mota aliyeiharibu kumbukumbu kwa makusudi."

Mwalimu akarekebisha kola yake.

"Ni kweli," Mama Shaba akasema. "Sipunguzi hata neno. Lakini kuna mistari mingine thelathini na moja humo, ambayo haijaunguza mtu. Kama kosa limepata mwenyewe, hiyo nayo ni ya nani?"

Kalamu ya mkuu ilisimama. "Mwalimu?"

"Mkuu, hayo ni mambo ya nyumbani..."

"Nimeuliza jedwali lilitoka wapi."

Mwalimu alitazama madirisha ya juu, akatazama viatu vyake. "Nililinakili," akasema.

"Kutoka wapi?"

 Mwalimu alielekeza kidevu, kidogo tu, upande aliosimama Mama Shaba, kama mtu anayeonyesha choo kilipo. Mkuu akaandika mstari wa pili, akapiga mhuri. Safari hii binti hakupewa karatasi asome, na Mama Shaba hakuomba. Aliona ni mrefu kuliko wa kwanza.

Alimfuata bintiye nje, kwenye kivuli cha ukuta. Binti alikuwa ameshika mkasi wa kukatia waya, kwa sababu mota yake ilipaswa kufumuliwa siku hiyohiyo.

"Mwanangu."

"Ungeniambia Jumatatu, Mama."

"Ningekuambia nini? Kwamba nilimtegea baba yako ukanasa wewe?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo." Binti aliufungua mkasi na kuufunga. "Yule wa Jumatatu amejifungia chumbani mpaka leo. Anaamini ana mikono mibovu. Ameniambia hatashika waya tena maishani. Na wewe ulikuwa unajua, ukaniambia nile."

"Nilikuwa naogopa."

"Baba ulimwogopa?"

"Wewe."

 Binti alitazama mlango wa karakana.

"Nina kazi," akasema. "Usinisaidie, watasema umenisukia. Nenda."

"Anakaa wapi?"

"Nani?"

"Huyo aliyejifungia."

Binti aliufunga mkasi. Kisha akamwelekeza: nyuma ya kiwanda cha mbao, jengo la ghorofa moja, mlango wa tatu, wenye pazia la bluu. Akaingia ndani, na punde mlio wa mkasi ukaanza kukata shaba.

Mama Shaba akatoka langoni. Mlinzi alisema kitu, hakukisikia. Alikwenda haraka, akavuka barabara bila kuangalia vizuri na dereva mmoja akampigia honi ndefu. Njiani alitunga maneno. Nitamwambia waya hukuukwaruza. Nitamwambia mikono yako ni mizima. Akaona hayo hayatoshi, akayafumua, akaanza upya. Nitamwambia mimi ndiye. Mimi nani? Atauliza. Akapunguza mwendo, akaongeza. Mbele ya kiwanda cha mbao mashine moja ilikuwa inaranda, na kwa mlio wake alijua kwamba feni ya nyuma imelegea, lakini hakusimama kuwaambia.

Pazia la bluu alilikuta limefungwa. Alisimama mlangoni, akafuta viganja kwenye kanga, akavifuta tena. Ndani mtu aligeuka kitandani. Mama Shaba akapiga hodi kabla hajapata neno la kuanzia.